Nakala mama ni moja: kuchagua programu za kupangia na kuandikia riwaya

Ulizia programu ya kuandikia riwaya na utatajiwa majina kumi kwa dakika moja: Word, Google Docs, LibreOffice, Scrivener, yWriter, Manuskript, Obsidian, Plottr, Aeon Timeline, Vellum. Ukianza kuyalinganisha moja baada ya jingine utachoka kabla ya kupata jibu, kwa sababu si majina ya vitu vya aina moja. Vellum, ya kukipangia kurasa kitabu kilichokwisha, haikusaidii kupanga msuko. Plottr si mahali pa kuandikia sura ya 12. Aeon Timeline, ya kupangia tarehe, haijui lolote kuhusu pambizo. Kuzishindanisha ni kama kushindanisha nyundo na futi.

Riwaya hupitia kazi nne. Kuna kupanga: wahusika, msuko, tarehe, mambo ya kutafiti. Kuna kuandika rasimu yenyewe, maneno 60,000, 80,000 au zaidi, na kuyahamisha huku na huko hadi mpangilio utulie. Kuna kusahihisha pamoja na wengine, yaani wasomaji wa mwanzo na mhariri. Mwisho kuna kukipanga kitabu kiwe tayari kwa kuchapwa au kusomwa kwenye simu. Programu iliyo hodari katika kazi ya pili mara nyingi ni dhaifu katika ya tatu, ndiyo maana waandishi wengi huishia kutumia mbili au tatu. Hapo hapana ubaya. Ubaya huanza mswada unapokuwa hai sehemu mbili kwa wakati mmoja: sura ya 7 imerekebishwa kwenye simu, sura hiyohiyo imerekebishwa vingine kwenye kompyuta, na baada ya wiki mbili mwandishi mwenyewe hajui ipi ni ipi.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kutazama sifa za programu yoyote, liwe hili: nakala mama itakaa wapi? Nakala mama ni lile faili moja, au folda moja, ambamo kila badiliko huingia kwanza. Nakala nyingine zote, iwe ya mhariri, ya msomaji au ya akiba, ni picha tu ya nakala mama jinsi ilivyokuwa siku fulani. Nakala mama inaweza kuhama, tuseme kutoka Scrivener kwenda Word, lakini ihame mara moja, kwa tarehe inayojulikana, na ile ya zamani ifungwe isiguswe tena.

Kipande unachokihamisha

Tuliozoea kusoma tunaihesabu riwaya kwa sura. Anayeijenga, hasa anayeijenga upya katika rasimu ya pili, huhamisha kitu kidogo zaidi: tukio. Tukio ni watu fulani, mahali fulani, katika kipindi kimoja cha wakati, na jambo linalobadilika kabla halijaisha. Riwaya ya sura 30 inaweza kuwa na matukio 70 hadi 90. Tofauti kubwa kati ya programu za kuandikia ni hii: je, programu inalitambua tukio kama kitu kinachojitegemea, au inaona mkeka mmoja mrefu wa maandishi?

Word, LibreOffice Writer na Google Docs huona mkeka. Kulitoa tukio la maneno 1,400 sura ya 9 na kulipeleka sura ya 5 ni kulichagua lote, kulikata, kupanda kurasa hamsini na kulibandika, ukiomba kwamba sentensi ya mwisho haikubaki nyuma. Dawa ipo, na ajabu ni kwamba watu hutumia Word miaka kumi bila kuifahamu. Kichwa cha kila sura kipewe mtindo wa Heading 1. Kila tukio lipewe jina la muda, kwa mfano "Zuhura anaikuta barua", kwa mtindo wa Heading 2. Kisha fungua Navigation Pane katika Word, au bonyeza F5 katika LibreOffice upate Navigator. Vichwa vyote vitajipanga pembeni. Ukikivuta kimoja kwa kipanya, maandishi yote yaliyo chini yake hukifuata. Siku ya kupeleka mswada, majina ya muda huondolewa yote kwa mkupuo kwa sababu yana mtindo mmoja: yachague yote kwa pamoja, yafute, uweke alama ya kutenganisha matukio. Katika Google Docs, orodha ya vichwa ya pembeni ni ya kurukia tu, haihamishi maandishi. Anayeandikia huko afadhali aipe kila sura kichupo chake (tab), huduma iliyoongezwa mwaka 2024, maana vichupo vyenyewe hupangika.

Scrivener, iliyotolewa na kampuni ya Literature & Latte mwaka 2007 kwa ajili ya Mac na mwaka 2011 kwa Windows, imejengwa juu ya tukio. Kila tukio ni hati ndogo katika safu ya kushoto iitwayo Binder. Unaliburuta juu au chini, unaliona kama kadi kwenye ubao au kama mstari kwenye jedwali, na ukitaka kusoma sura nzima kwa mfululizo unazichagua hati zake zote zikajiunga kwenye kioo. Kabla ya kukata unaweza kulipiga tukio picha iitwayo Snapshot, ukarudi kwenye maneno ya jana bila kurudisha kitabu kizima. yWriter, ya bure, iliyotungwa na Simon Haynes ambaye ni mtunzi wa riwaya na pia mwandishi wa programu, hufuata fikra hiyohiyo na kukudai zaidi: kila tukio lina nafasi ya kujaza tunaliona kwa macho ya nani, liko wapi, mhusika anataka nini. Manuskript na novelWriter ni za bure na za chanzo huria. NovelWriter hukuruhusu kuandika alama kama @pov na @char juu ya tukio, halafu yenyewe hukuonyesha ni mhusika gani yuko wapi.

Gharama ya uhuru huo hulipwa mlangoni pa kutokea. Katika Scrivener, unachokiona kwenye kioo sicho kitakachotoka. Kitabu hutolewa kwa hatua iitwayo Compile, na hapo ndipo wageni wengi hukwama usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi: sura zimetoka bila vichwa, au kila tukio limeanza ukurasa mpya kana kwamba ni sura. Sababu ni moja. Kila hati lazima ijulikane ni ya aina gani, sura au tukio, na kila aina lazima ipewe umbo lake la kutokea. Usipoamua wewe, programu huamua kwa kukisia. Ukitumia folda kwa sura na hati kwa matukio tangu siku ya kwanza, bila kuchanganya, na ukajaribu Compile ukiwa na matukio matatu tu, tatizo hilo hulimaliza kwa nusu saa.

Je, kila mtu anahitaji programu ya aina hii? Hapana. Riwaya fupi ya maneno 40,000, yenye msimulizi mmoja na wakati unaokwenda mbele bila kurudi nyuma, huandikika vizuri kabisa katika Word au LibreOffice yenye mitindo iliyowekwa sawasawa. Riwaya ya vizazi vitatu na wasimulizi wanne, yenye siri inayofichuliwa nje ya mfuatano wa wakati, itakutesa humo.

Kuna njia ya tatu, na ina wapenzi wake: maandishi matupu. Kila tukio ni faili la .md au .txt ndani ya folda ya kawaida, unaliandika kwa Obsidian au kihariri chochote, na mwishoni programu ya bure iitwayo Pandoc huyaunganisha yote kuwa faili moja la Word au EPUB, yaani kitabu cha kusomwa kwenye simu. Faida yake ni kwamba faili la maandishi matupu litafunguka hata miaka thelathini ijayo. Kasoro ndogo inayosumbua ni majina ya mafaili. Ukiyaita 1, 2, 3 hadi 80, kompyuta nyingi zikiyapanga kwa herufi zitayaweka 1, 10, 11, 2, na kitabu kitaunganishwa kwa fujo hiyohiyo. Yape namba za tarakimu tatu kwa kuruka kumi: 010, 020, 030. Tukio jipya kati ya la pili na la tatu litakuwa 025, na hutalazimika kubadilisha majina ya mengine sabini.

Mpango: jedwali kwanza, programu maalumu baadaye

Programu za kupangia huvutia kuliko zote kwa sababu kuzijaza kunafanana na kuandika. Fomu ya mhusika yenye nafasi themanini, kuanzia rangi ya macho hadi ndoto za utotoni, inaweza kumla mtu mwezi mzima na sura ya kwanza ikabaki sentensi mbili. Kwa riwaya nyingi jedwali la kawaida, la Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets, linatosha, na hata asiyetosheka nalo huondoka akijua hasa alichokikosa.

Kila tukio liwe mstari mmoja. Safu ziwe hizi: namba, sura, tarehe na saa ndani ya hadithi, mahali, anayelitazama tukio, anachotaka, kinachobadilika, nyuzi za msuko zinazoguswa, idadi ya maneno, hali ya kazi. Mstari mmoja uliojazwa utasomeka hivi: 23, sura ya 9, Jumanne jioni, 14 Machi, chumba cha marehemu, Zuhura, anatafuta hati ya nyumba, badala yake anaikuta barua inayomtaja ndugu asiyemjua, urithi na siri ya baba, 1,420, rasimu ya kwanza.

Safu ya kuilinda kuliko zote ni ya "kinachobadilika". Ukijikuta unaandika humo "wanazungumza" au "anakumbuka utoto wake", kuna uwezekano mkubwa tukio hilo halijawa tukio bado, na ni nafuu kuligundua kwenye jedwali kuliko baada ya kuandika maneno 2,000. Safu ya nyuzi nayo hufichua mashimo. Ipe kila nyuzi rangi yake kisha uteremke kwa macho: ikiwa rangi ya deni la baba inaonekana sura ya 8 halafu haionekani tena hadi ya 21, msomaji atakuwa ameshalisahau. Hiyo ndiyo kazi hasa inayofanywa na Plottr, ambayo hupanga sura upande mmoja na nyuzi upande mwingine, kadi zikikaa katika makutano. Ukiona jedwali lako limekuwa pana kiasi cha kutosomeka, hapo Plottr ina la kukupa.

Tarehe ni suala jingine, na makosa yake hayaonekani kwa kusoma. Mhusika anagundua ana mimba sura ya 4, mwezi wa Machi, na tayari ni ya miezi miwili. Mtoto anazaliwa sura ya 19, Februari ya mwaka unaofuata. Ndani ya sura zenyewe kila kitu kinakwenda vizuri. Ni pale tarehe mbili zinapokaa safu moja ndipo miezi kumi na mitatu inapojitokeza. Jedwali huweza kutoa tarehe moja kwa nyingine na kukupa tofauti, na pia umri wa kila mtu ukiweka tarehe ya kuzaliwa. Aeon Timeline huyafanya hayo yenyewe: huonyesha kila mhusika ana miaka mingapi katika kila tukio, na hukubali hata kalenda uliyoibuni kwa ajili ya ulimwengu usiokuwepo. Kwa hadithi ya wiki moja ni mzigo bure. Kwa hadithi ya miaka sitini na familia mbili ni msaada mkubwa.

Kwa wahusika na mahali, andika kile tu ambacho mswada umeshakitamka, pamoja na namba ya tukio kilipotamkwa: "kovu, mkono wa kushoto, tukio la 6". Kovu likihamia mkono wa kulia katika tukio la 58, utajua pa kurekebisha. Sifa ambazo hazijaingia kwenye maandishi bado ni huru kubadilika, na kuziandika mapema ni kujifunga mikono bila sababu.

Kanuni ya nakala mama inauhusu mpango pia. Ukiandika muhtasari wa kila tukio kwenye kadi za Scrivener na pia kwenye jedwali, baada ya mwezi vitu hivyo viwili vitapingana. Chagua kimoja. Mwandishi anayehamisha matukio kila siku aweke muhtasari kwenye kadi, kwa sababu kadi huhama pamoja na tukio. Jedwali libaki na tarehe na nyuzi tu.

Faili linaishi wapi, na linakufaje

Sehemu hii haipendezi kusoma, lakini ndiyo huamua kama kitabu kitafika mwisho.

Hati ya Word ni faili moja. Ikiwa iko kwenye diski ya kompyuta yako tu, Word huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 usipobadilisha mpangilio. Uhifadhi wa papo kwa papo huwaka pale tu faili linapokuwa kwenye OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft. Punguza dakika 10 ziwe 2. Katika LibreOffice, ingia kwenye chaguo za Load/Save na uhakikishe imewashwa ile inayotengeneza nakala ya akiba kila unapohifadhi. Katika matoleo ya kabla ya 24.2 haiji ikiwa imewashwa.

Google Docs huhifadhi kila herufi na hutunza historia ya matoleo, ambayo unaweza kuyapa majina: "Rasimu ya 1 imeisha". Tumia majina hayo, yatakuokoa. Ila jihadhari na mambo mawili. Ukitengeneza nakala ya hati, historia haihami nayo. Na lile faili lenye kiendelezi cha .gdoc unaloliona kwenye kompyuta iliyounganishwa na Drive halina hata neno moja la riwaya yako. Ni anwani tu inayoelekeza kwenye hati iliyoko mtandaoni. Aliyenakili folda hiyo kwenye flashi akidhani amehifadhi kitabu, amehifadhi viungo. Nakala ya kweli hupatikana kwa kupakua hati kama .docx. Kuhusu ukubwa, hati moja hukubali hadi herufi milioni 1.02, na riwaya ya maneno 90,000 huwa na takriban herufi 600,000, kwa hiyo itaenea. Kinachokera ni uzito: hati ndefu yenye maoni mengi huanza kusuasua, hasa kwenye simu.

Mradi wa Scrivener unaonekana kama faili moja kwenye Mac, lakini kwa kweli ni folda yenye mamia ya mafaili madogo, kila tukio na lake, na faili moja linaloshika mpangilio wa yote. Hapo ndipo hatari ya kusawazisha kupitia wingu ilipo. Ukifunga kompyuta ya kwanza kabla Dropbox haijamaliza kupakia, kisha ukafungua mradi kwenye kompyuta ya pili, utakuwa na mpangilio wa jana na matukio ya leo, au kinyume chake, pamoja na mafaili yaliyoandikwa kwamba ni nakala zilizogongana. Utaratibu salama ni huu: funga mradi, subiri alama ya kusawazisha ionyeshe imekamilika, ndipo uzime; upande wa pili, subiri ikamilike tena, ndipo ufungue. Mradi usifunguliwe sehemu mbili hata kwa dakika moja. Watengenezaji wenyewe huelekeza watumiaji wa iPhone na iPad kwenye Dropbox, na huwaonya dhidi ya kuuweka mradi hai kwenye Google Drive. Scrivener hutengeneza pia nakala za akiba kila unapofunga mradi, lakini huziweka kwenye diski ileile ya kompyuta, na huzifuta za zamani ikibakiza chache za mwisho. Kompyuta ikiibiwa, nakala hizo zimeondoka nayo. Badilisha folda ya nakala iwe mahali pengine, zibanwe kuwa faili la zip, na uongeze idadi inayobakizwa hadi 25.

Kanuni ya wahifadhi kumbukumbu ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa mwandishi hiyo ni kompyuta, flashi na wingu. Kinachosahaulika ni kuifungua nakala ya akiba mara moja kwa mwezi na kusoma ukurasa wa katikati, maana faili lililoharibika hunakiliwa kwa uaminifu uleule kama lililo zima.

Kwa anayeandikia simu zaidi ya kompyuta, uamuzi hupungua wenyewe. Scrivener haina toleo la Android. Google Docs, Word na Obsidian zinalo. Hakikisha kwanza kwamba hati inafunguka bila intaneti, na jaribu jambo hilo kwa kuzima data kabisa, usitegemee maandishi ya kwenye mpangilio.

Mhariri anapoingia

Wahariri wengi hufanya kazi kwa .docx yenye mabadiliko yanayofuatiliwa: kila neno lililofutwa linaonekana limekatwa, lililoongezwa lina rangi, maoni yako pembeni. Mfumo huo wa Word unaelewana kwa kiasi kizuri na LibreOffice na Google Docs. Scrivener haina mfumo unaoongea lugha hiyo, na ndiyo sababu ya udhaifu uliotajwa mwanzoni.

Basi panga kuhama. Siku mswada unapokwenda kwa mhariri, toa .docx na tangaza kwamba kuanzia leo hilo ndilo nakala mama. Mradi wa Scrivener upewe jina lenye tarehe na ufungwe. Kishawishi cha kurudi kurekebisha "kitu kidogo tu" kule kitakujia. Ukikikubali, utalazimika kuyatafuta mabadiliko hayo kwa macho katikati ya masahihisho elfu mbili ya mhariri. Ikiwa mhariri amependekeza kuvunja muundo wote, unaweza kukubali masahihisho, kisha kurudisha hati ndani ya Scrivener kwa njia ya Import and Split, inayogawa hati moja kuwa matukio kwa kufuata vichwa au alama kama #. Hapo mitindo ya Heading uliyoiweka mapema hulipa.

Alama ya kutenganisha matukio iwe kitu kinachoonekana, # au nyota tatu, isiwe mstari mtupu. Mstari mtupu ukiangukia mwisho wa ukurasa haumwambii msomaji lolote, na programu nyingi za kutoa EPUB huumeza. Vivyo hivyo, aya zisisogezwe ndani kwa kubonyeza nafasi mara tano, wala ukurasa mpya usitafutwe kwa kubonyeza Enter mara ishirini. Kwenye kioo cha simu nafasi hizo huwa matobo katikati ya kitabu. Weka msogeo wa mstari wa kwanza ndani ya mtindo wa aya, na tumia alama halisi ya kukata ukurasa.

Mswada wa Kiswahili una mahitaji yake

Programu nyingi zimetengenezwa zikiwa na lugha nyingine akilini. Kikagua tahajia kinachotegemea orodha ya maneno hushindwa na vitenzi vyetu, kwa sababu kitenzi kimoja huzaa maumbo maelfu. Ipime programu kwa maneno kama "hatukuwaambia", "atakapomwona" na "wamekwishaondoka". Ikiyapigia yote mstari mwekundu, zima ukaguzi kwa hati hiyo, maana kurasa zilizojaa wekundu huficha hata kosa la kweli. Zima pia masahihisho ya papo kwa papo: Word iliyowekwa Kiingereza itaigeuza "i wapi nyumba yake" kuwa "I wapi nyumba yake" bila kukuuliza.

Kisha kuna kile kikoma cha ng'. Kompyuta inaweza kuandika ng’ombe kwa alama iliyopinda, na simu ng'ombe kwa alama iliyonyooka. Kwa jicho ni neno lilelile. Programu nyingi huona herufi mbili tofauti. Utamtafuta mhusika wako Ng'wana upate matokeo 40 wakati yuko mara 112. Amua aina moja, uizime au uiwashe alama iliyopinda kila mahali, na kabla ya kupeleka mswada fanya badilisha-zote mara moja.

Malengo ya maneno nayo yanahitaji kupimwa upya. "Sikumwambia" ni neno moja kwetu, na lugha zinazotenganisha nafsi, ukanushi na mtendwa hulihesabu nne au zaidi. Hadithi ileile kwa Kiswahili huwa na maneno machache. Mwongozo unaodai riwaya lazima ifike maneno 80,000 haukuandikwa kwa ajili ya lugha hii. Hesabu kwa kurasa au kwa matukio utapata picha ya haki zaidi.

Mlango wa kutokea, na jaribio la saa mbili

Kuna programu unazonunua mara moja, kama Scrivener, ambayo leseni yake ni tofauti kwa kila mfumo. Kuna za kulipia kila mwezi au mwaka, kama Ulysses, inayotumika kwenye vifaa vya Apple pekee. Riwaya huchukua mwaka, miaka mitatu, mitano. Kabla ya kujiunga na huduma ya malipo ya mfululizo, soma kinachotokea ukiacha kulipa: je, utaweza kufungua na kupakua, au maandishi yatafungiwa? Kwa huduma za mtandaoni soma pia kama maandishi yako yanaweza kutumika kufunzia mifumo ya akili mnemba, na kama ruhusa hiyo huweza kuzimwa.

Usijaribu programu kwa hati tupu. Chukua matukio sita ya kweli kutoka kwenye kazi yako, maneno kama 8,000, yenye italiki, mazungumzo, barua ndani ya hadithi na angalau ng' moja. Yaingize. Hamisha tukio la tano liwe la pili. Gawanya tukio refu katikati, kisha liunganishe tena. Tafuta jina la mhusika na ubadilishe kila mahali. Andika maneno 500 mapya ukiwa bila intaneti, uunganishe, uone kama yamefika. Tafuta jinsi ya kurudi kwenye toleo la jana. Toa .docx na EPUB, uzifungue katika programu nyingine kwenye kifaa kingine. Scrivener inakupa siku 30 za majaribio zinazohesabu siku ulizoifungua tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuharakisha.

Katika zile faili zilizotoka, nenda moja kwa moja kwenye sehemu tatu: mpaka wa tukio, neno lenye italiki, na ile barua ndani ya hadithi iliyokuwa na pambizo pana. Hizo ndizo hupotea kwanza. Kilichopotea kitafute kwenye mpangilio wa kutolea ukirekebishe sasa, ungali na matukio sita.